Mihogo ya Arobaini ya Baba

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hajawahi kuniambia kwamba ananipenda. Akikupenda anakupa kazi. Nilipofika kijijini kwake kuandaa arobaini ya baba, kabla hata sijatua mzigo, alinipima kwa macho kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Umenenepa, mama. Kindu inakutunza. Kamata jembe." Anatuita sote mama, sisi mabinti wa kaka yake, hata akiwa anatugombeza.

Kijiji chake kiko ng'ambo ya mto. Kutoka Kindu unavuka Lualaba kwa mtumbwi, unapanda pikipiki mpaka pale barabara inapokata tamaa, kisha unamalizia kwa miguu. Mimi ni fundi cherehani mjini, na ni mtu wa pupa. Mteja akisema Ijumaa, nguo yake iko tayari Jumatano, na mara nyingine mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Baba alikuwa akinitania kwamba hata kuzaliwa nilizaliwa kabla mkunga hajafika. Alifia mjini lakini alitaka kuzikwa alikozaliwa, tukampeleka, na ikaamuliwa arobaini yake isomwe huko huko. Wageni wangetoka mbali, wengine mpaka Tunda, na mgeni aliyesafiri siku mbili humwambii kwamba mpunga bado uko shambani.

Kwa hiyo tulitegemea chikwange. Mihogo ya upande ule ni michungu, na uchungu wake ni sumu. Inalowekwa majini na maganda yake mpaka ilainike, ndipo inamenywa, inatwangwa, inafungwa kwenye majani mapana ya mwituni na kuchemshwa. Huo mkate wa mihogo ndio chikwange, na ukifungwa vizuri unakaa siku kadhaa bila kuharibika. Lakini kazi yote iko majini. Siku nne zinafaa, tano ni bora zaidi. Chini ya tatu unachezea miguu ya watu.

Kando ya kijito kila nyumba ina shimo lake la kulowekea. Hakuna mwanamke pale anayepika mihogo kwa shughuli ya watu wengi bila kumwita shangazi aiguse kwanza. Hakupewa cheo hicho na chifu wala na imamu. Alikipata wakati wa vita.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Mji ulikuwa umezingirwa, treni haikuja tena, chumvi ilipimwa kwa kijiko, na wanawake waliothubutu kwenda mashambani walirudi wamenyang'anywa kila kitu, au hawakurudi. Baba alitupeleka kwa dada yake, mimi na ndugu zangu wawili. Haukupita mwezi vita vikatufuata hadi huko, tukaingia msituni.

Msituni tuliishi kwa mihogo iliyochimbwa kwa kuvizia. Shangazi aliiloweka kwenye kijito chochote tulichokikuta, na mara nyingi ilipofika siku ya pili milio ya bunduki ilisogea, ikabidi tuondoke. Wenzake walimwambia apike hivyo hivyo, watoto wana njaa. Yeye aliitia mihogo kwenye gunia, akalibeba mgongoni likichuruzika maji, na tulipofika kwenye kijito kingine akailoweka tena na kuanza kuhesabu upya, moja. Nakiri kwamba nilimchukia. Nililala na njaa kando ya gunia la chakula, na aliyenizuia nisile ni dada wa baba yangu mzazi. Hata siku ilipopikwa, alikula yeye kwanza, kipande kikubwa, akakaa akitutazama mpaka jua likahama, ndipo tukapewa. Niliwanong'oneza ndugu zangu kwamba shangazi ni mlafi. Nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kuanza kushona, nilipoelewa kwamba alikuwa akijitanguliza mwenyewe kwenye sumu ili akianguka, aanguke yeye.

Tulikuwa na jirani katika kundi letu, mama kijana aliyekuwa akinyonyesha. Huyo alichoka kungoja. Alipika mihogo ya usiku mmoja, akaona hajafa, akaendelea kupika hivyo wiki baada ya wiki. Asubuhi moja alitaka kusimama, miguu ikakataa. Ilikuwa imekakamaa, na haikulegea tena. Yuko hai mpaka leo, anatembea kwa fimbo mbili, magoti yakigongana, na nyumba yake imepakana na ya shangazi. Hao wawili ni marafiki wa kufa na kuzikana. Sijawahi kumsikia shangazi akimwambia, hata kwa utani, kwamba alimwonya.

Sasa kosa langu. Shangazi aliloweka mihogo yake mapema, apate siku nne kamili. Siku mbili baadaye alikwenda kuwapa pole watu wa kijiji cha pili, nami nikashuka kijitoni, nikalitazama lile shimo kama ninavyotazama kitambaa cha mteja mnene, nikaona mihogo haitoshi. Nilichimba vikapu viwili vizima kwenye shamba lililo kando ya njia, nikavimwaga katika shimo lile lile. Nilijiambia kwamba maji yale yamekwisha kukolea, yatailainisha upesi. Wazo lenyewe si la kijinga kabisa, maana maji yaliyolowekewa zamani kweli huharakisha. Ila hayageuzi siku mbili kuwa nne. Nilikusudia kumwambia. Jioni alirudi amechoka, nikanyamaza. Kesho yake nikaona nimekwisha chelewa, nikanyamaza tena.

Siku ya thelathini na nane tulikwenda kuitoa. Yeye alitangulia, mimi nikafuata na vikapu. Nilipofika nilimkuta amekwisha kuitoa yote na kuilundika juu ya majani, naye amesimama ndani ya maji, yamemfika magotini, ameshika muhogo mmoja mkononi na kuutazama.

"Mama," akaniuliza, "hii mihogo njo ya nani?"

Nikacheka. Nikamwambia ndiyo ya kwake, ya nani tena?

"Tunataka kufanya nayo nini?"

"Chikwange, shangazi. Ya wageni."

"Wageni gani? Kwetu kuko nini?"

Ndipo nilipoyaona macho yake. Yalikuwa macho ya mtu aliyeamshwa kwenye nyumba ya watu. Nikamwambia polepole kwamba ni arobaini ya baba, keshokutwa. Akanishika kifundo cha mkono.

"Baba yako? Kaka yangu amekufa?"

Sikuwa na njia ya kulizunguka jambo hilo. Nikasema ndiyo, ana siku thelathini na nane kaburini, na wewe ndiye uliyechagua sanda. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akalia palepale ndani ya maji, kilio cha habari mbichi. Baadaye akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaniuliza, "Na weye, umelia?" Nikamwambia nimelia. Haikuwa kweli. Tangu baba afariki nilikuwa nikihesabu sukari, mikeka na sufuria, na machozi niliyaweka kando kama nguo ya mteja asiyekuja kuichukua.

Nilikuwa ninatafuta la kumwambia zaidi alipoutazama tena ule muhogo. "Mama," akasema, "hii mihogo njo ya nani?"

Nikamtoa majini, nikamkagua kama nilivyosikia mtu wa kiharusi anavyokaguliwa. Mdomo haukupinda. Mikono yote miwili ilinibana kwa nguvu sawa. Alinijua mimi, alijua kijito, alijua jina la kila mtoto pale kijijini na mama yake. Kilichopotea ni miezi michache ya nyuma, na kila jipya uliloweka ndani yake lilivuja kama maji kwenye kikapu. Nikampeleka nyumbani, nikapanda kilima pale simu inapokamata, nikampigia muuguzi wa kituo cha afya. Akasema atakuja kwa baiskeli, ila si kabla ya mchana.

Niliporudi, wanawake walikuwa wamekwisha kuileta mihogo uani, lundo zima, na vinu vimesimamishwa. Yule jirani wa fimbo mbili alikuwa ameketi karibu na shangazi, fimbo zake amezilaza mapajani. Wengine walikuwa wameanza kunong'ona kwamba kuna mtu amemtupia kitu kwa sababu ya kilio cha kaka yake. Jirani akawakatiza: "Muende mulete maji. Maneno hayajaze sufuria."

Shangazi alilitazama lundo. "Iko siku ngapi ndani ya maji?"

Wote wakanigeukia mimi. "Nne," nikasema.

"Yote?"

"Yote. Uliiweka wewe mwenyewe."

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi ile mimi niliiona ndefu na iliyonyooka, maana aliyeweza kunikanusha hakukumbuka hata kwa nini tumekusanyika. Na nilijitetea moyoni: mihogo yangu imelainika nje, itachanganyika na ya kwake, nani atajua? Nilikuwa ninaogopa aibu kuliko nilivyoogopa sumu.

Shangazi hakusema kwamba namdanganya. Alisema tu, "Miye sikumbuke. Kitu sikumbuke, siweke mu moto. Leteni kiti."

Akaketi mbele ya lile lundo. Alichukua muhogo wa kwanza, akaubonyeza kwa kidole gumba katikati, akavunja kipande kidogo cha ncha, akakinusa, kisha akauvuta kutoka kwenye kipande hicho ule uzi mgumu unaopita moyoni mwa muhogo. Uzi ukitoka wote bila kung'ang'ania, muhogo ulikwenda kulia. Ukikatika, au ukija na nyama nyeupe ngumu, ulikwenda kushoto. Hakuwa na haraka. Kidole kilibonyeza, pua ikanusa, uzi ukavutwa, na baada ya muda kulikuwa na chungu mbili, moja kubwa na moja ndogo. Ile ndogo niliitambua muhogo mmoja mmoja. Ilikuwa yangu.

Kisha akasimama kidogo, akazitazama chungu zile. "Nani alitenga hivi?"

"Wewe, shangazi."

"Miye? Juu ya nini?"

Nikaona mlango wa kupita. Nikamwambia labda alikuwa anatenga mikubwa na midogo. Alifikiri, akatikisa kichwa. "Kama sikumbuke kutenga, siwezi kuamini nilitenga. Changanyeni yote." Na kwa mikono yake mwenyewe akaikoroga mihogo yote ikawa lundo moja tena. Wanawake waliguna. Jua lilikuwa linapanda, vinu vimekauka, na kikongwe asiyejua leo ni siku gani anaanza kazi upya tangu muhogo wa kwanza, gumba, pua, uzi.

Alitenga mara tatu. Mara mbili alisahau, mara mbili akakataa kuamini kazi ya mtu ambaye hakumkumbuka, hata kama mtu huyo ni yeye. Sijui kama mimi, nikiwa na akili zangu zote, ningeweza kuwa mkali hivyo kwa nafsi yangu. Mimi nikikuta mshono wangu wa jana, naupitisha bila kuuangalia, kwa kuwa ni wangu.

Niliyekuwa simwoni ni jirani. Mzunguko wa kwanza, kila muhogo ulipotupwa kushoto, yeye aliuchukua, akaukwaruza kwa ukucha alama ndogo, akaurudisha. Mzunguko wa pili alitazama tu. Mzunguko wa tatu ulipokwisha aliupindua kila muhogo wa kushoto, mmoja mmoja, na yote ilikuwa na alama. Upande wa kulia hakukuwa na alama hata moja.

"Nimefanya hii mara ngapi?" shangazi akamwuliza.

"Tatu, dada."

"Na inatoka namna moja?"

"Namna moja."

Shangazi akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mama, mikono yangu inasema kuko ya siku nne na kuko ya siku mbili. Kinywa yako inasema yote iko nne. Nani aliongeza?"

Nikasema ni mimi. Nikaeleza vikapu viwili, shamba la kando ya njia, maji yaliyokolea, yote, macho yangu yakiwa kwenye fimbo za jirani kwa sababu sikuweza kumtazama usoni wala kuitazama miguu yake.

"Kuna mutu amekula?" shangazi akauliza.

"Hapana."

"Alhamdulillahi." Ndipo hasira ikaja. "Weye ulikuwa mu pori pamoja na miye," akasema. Nilikuwa nimesimama, nikakaa chini.

Baada ya kitambo kidogo alizitazama chungu mbili, akanitazama na mimi niliyejikunyata mchangani, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, juu ya nini unakaa hivi? Na hii mihogo njo ya nani?"

Mtu angedhani kuungama kwa anayesahau ni kazi nyepesi. Mimi nilidhani hivyo kwa dakika moja. Lakini alipouliza tena nani aliyeongeza, uso wake ulikuwa mpya, haujapata kuambiwa, na ilinibidi niuone ukibadilika tena kwa sababu yangu. Jirani hakunisaidia wala hakunisukuma. Hadi mchana niliungama mara saba. Hasira ya shangazi haikuwa moja: mara aliniambia maneno makali, mara alinirushia muhogo ukanipata begani, mara alicheka mpaka akakohoa, akasema kweli nimezaliwa kabla ya mkunga. Swali la kwanza tu ndilo halikubadilika. Kabla ya hasira, kabla ya kicheko, kila mara aliuliza kama kuna mtu amekula. Alikuwa amepotewa na kaka yake, na mwezi, na siku, lakini hilo lilikuwa limekaa mahali ambapo usahaulifu haukufika.

Na katikati ya hayo, habari ya baba. Kila mara alipoambiwa alilia upya, na kila mara alimaliza kwa kuniuliza kama nimelia. Nafikiri ilikuwa mara ya tano niliposhindwa kujibu. Nililia kweli, kwa sauti, mbele ya wanawake wote na vinu vyao. Shangazi akanivuta mapajani kwake. Nilihisi mwili wake ulipoanza kusahau, mkono wake ukasita mgongoni mwangu, akawa hajui tena mtoto huyu analilia nini. Hakuuliza. Aliendelea kunishika tu.

Muuguzi alifika jasho linamtiririka. Alimpima presha, akamtaka atabasamu, ainue mikono, atembee, aguse pua kwa kidole. Akatuambia kwamba jambo hili huweza kumjia mtu mzima ghafla, baada ya huzuni kubwa au hata kwa kuingia kwenye maji baridi, na mara nyingi huondoka siku hiyo hiyo. Tukiona mdomo umepinda au mkono umelegea, tusingoje, tumvushe mto. Alirudi wiki iliyofuata kumpima tena. Sasa ni zaidi ya miaka miwili na halijamrudia.

Wakati wa magharibi shangazi aliomba maji ya kutawadha. Alisali akiwa ameketi. Alipotoa salamu alibaki juu ya mkeka, akasema, akiwa ameupa ukuta uso, "Leo njo siku ya thelathini na nane." Alikuwa amerudi. Alikumbuka baba alivyougua, sanda aliyoichagua, yote hadi alfajiri ya siku ile. Akalia kidogo, na sasa kilikuwa kilio cha mtu aliyekwisha zoea kulia. Lakini kuanzia kijitoni hadi kwenye mkeka ule hakuwa na kitu. Siku nzima ilikuwa imechanwa.

"Nilifanya kitu ya haya?" akaniuliza.

"Hapana, shangazi. Hukufanya lolote la aibu."

"Na mihogo?"

Jirani alikuwa amekwenda kwake. Tulikuwa wawili tu. Chungu kubwa ilikuwa imekwisha oshwa na kufunikwa, na ile ndogo nilikuwa nimeirudisha majini mwenyewe, kwenye shimo la peke yake. Ningeweza kusema, uliipima mwenyewe, iko salama, na kila neno lingekuwa kweli. Maungamo saba yalikuwa yamekwenda na maji. La nane lingebaki. Angelikumbuka kesho, angelikumbuka nitakapoolewa tena, angelikumbuka kila nitakapoingia uani kwake na mzigo wangu. Nilitamani kulimeza. Nikawaza jinsi alivyokuwa akiketi mbele ya lundo lile, hajiamini hata yeye mwenyewe, akianza tena. Nikamwambia.

Aliuliza swali lake, nikamjibu hapana. Safari hii hakukuwa na kelele wala kicheko. Aliniagiza nikaangalie kama chungu imefunikwa vizuri dhidi ya kuku.

Asubuhi wanawake walikuja, lakini vinu havikuanza. Usiku kucha maneno yalikuwa yametembea. Mmoja wao alisema waziwazi yale ambayo wengine waliyasema pembeni: jana huyu mama hakujua kama kaka yake amekufa, leo tutakulaje mihogo aliyoipitisha? Lilikuwa swali la haki. Na nilijua kinachoning'inia hapo. Chikwange za arobaini zilikuwa jambo moja, lakini kulikuwa na miaka yote tangu vita ambayo kijiji kizima kililala usingizi kwa sababu mikono ya mwanamke mmoja imesema ndiyo. Angeweza kusema anakumbuka vizuri. Hakuna aliyeweza kumpinga. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini wangapi wetu hawayafichi?

Shangazi alitoka nje amejifunga kitenge kipya, akasimama katikati ya uani.

"Ya jana miye sina," akawaambia. "Imepotea yote, toka maji mpaka magharibi. Musiniulize miye." Akanishika begani, pale pale muhogo uliponipiga, ingawa hakujua. "Ulizeni huyu. Jana yangu iko kwake. Miye ninamwamini. Sema, mama."

Sijawahi kupewa kazi nzito kuliko ile, na aliyenipa ni mtu niliyemdanganya. Alilijua hilo, nilikuwa nimemwambia jioni. Nilimpenda dakika ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema. Nilianza na vikapu vyangu viwili, nikasema siku nne nilizozizua, nikasema lundo lilivyokorogwa na kutengwa mara tatu, na alama zilizoangukia upande mmoja. Sikuruka kitu. Wakati wote huo yule jirani alikuwa amesimama mbele yangu, ameegemea fimbo zake, na nilipomaliza yeye ndiye aliyeuliza.

"Kuna mutu amekula?"

"Hapana, mama."

Kisha akaugeuza uso kwa wenzake, akawaambia chungu ya kulia itwangwe, mikono ya dada haijakosea. Kwa kuwa sasa isingetosha, akasema yeye ana mihogo ya siku tano kwenye shimo lake, waende wakaitoe kabla jua halijawa kali.